Kupata hela ya mradi kwa kijiji cha milimani bila msitu kuisha: mwongozo kwa vikundi

Kila mfuko ukitangaza ruzuku utaona kwenye magrupu watu wanaulizana "nani ana sampo ya andiko la nyuki anirushie", yani andiko la kuomba hela ya mradi wa kufuga nyuki, na hapo ndo shida inapoanzia, mtu hajajua kijiji chake kinauma wapi ila mizinga ameshaiamua, afu akikosa anasema hela zinatolewa kwa kujuana. Kujuana kupo, sikatai. Lakini maandiko mengi yanakufa kwa sababu hayajibu swali moja tu la mfadhili: hii hela ikimfikia mwanakijiji, mti gani utabaki umesimama ambao ungekatwa?

Nitatumia mfano wa Tao la Mashariki maana huko ndo nakufahamu zaidi, yani ile milima inayoanzia Taita kule Kenya, inakuja Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho, Uluguru mpaka Udzungwa na Mahenge. Aliyeko Rungwe au Mlima Elgon mengi yatamfaa pia, atabadilisha majina ya ofisi tu.

Kabla ya yote jueni mna nini mkononi. Milima hii ina viumbe ambavyo havipo kwingine kokote duniani: mbega wekundu wa Udzungwa, kwale wa Udzungwa ambaye wanasayansi walimjua 1991 tu, chura wa Kihansi, na lile ua la Saintpaulia la Usambara ambalo Ulaya wanaliotesha kwenye vyungu vya dirishani. Hilo ndo linamleta mfadhili wa nje. Ila kuna la pili ambalo vikundi vingi vinasahau kuliandika, nalo ni maji. Ruvu inayonywesha Dar inapata maji yake mengi Uluguru, Tanga mjini wanakunywa Zigi inayotoka Amani, na umeme wa Kihansi, na kwa sehemu wa Kidatu, unazungushwa na maji ya Udzungwa. Kama kijiji chenu kipo juu ya chanzo, andikeni jina la mto, unaelekea wapi na nani anautumia huko chini. Sentensi mbili zinatosha na zina nguvu kuliko kurasa tatu za "mabadiliko ya tabianchi duniani".

Anza na anayeingia msituni

Hapa ndo pa kukaa sana kwa hiyo msipaharakishe. Chukueni daftari, kamati ya maliasili ya kijiji, na watu wawili watatu ambao kila mtu anajua wanaingia msituni (ndiyo, hao hao, msiwaogope na msiwachongee), mtembee njia zote zinazoingia. Kwenye kila njia muulizane: inatumiwa na nani, anafuata nini, mara ngapi kwa wiki, anauza wapi. Mtakuta msitu hauna adui mmoja. Kuna mama anayefuata kuni, kuna mchana mbao ambaye mara nyingi ametoka wilaya nyingine kabisa na ana tajiri wake mjini, kuna vijana wa mkaa, kuna mtego wa paa, kuna mzee mwenye shamba la iliki ndani ya hifadhi tangu enzi za baba yake. Kila mmoja dawa yake ni tofauti.

Chukua kuni. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa 1992 na kwa miaka wanawake wa vijiji vya pembeni waliruhusiwa kuokota kuni kavu, mpaka 2011 ruhusa ikasitishwa. Sasa kwenye kijiji cha namna hiyo ukileta mradi wa nyuki wa wanaume kumi hujamgusa mama mwenye mafiga matatu jikoni, kesho ataingia tu usiku. Kinachomgusa ni jiko banifu analoweza kulifinyanga mwenyewe kwa udongo, miti ya kuni pembezoni mwa shamba lake, na kwa ukanda wa Kilombero hata pumba za mpunga zinazotupwa mashineni zinawaka vizuri kwenye majiko yake. Mradi wa namna hiyo hauna picha nzuri za kurusha, lakini mfadhili anayejua kazi yake anauelewa haraka.

Iliki nayo ni kisa kirefu kidogo. Usambara Mashariki watu waliipanda chini ya miti ya asili, yani unafyeka vichaka vyote vya chini, unapunguza kivuli, miti mikubwa unaiacha. Kwa mbali msitu unaonekana upo! Kumbe miche haioti tena, na iliki ikipungua mazao baada ya miaka kadhaa mtu anahamia kipande kingine. Mzee wa iliki humtoi kwa semina. Anatoka ukimwonyesha hela inayolingana kwenye shamba lake la nje: pilipili manga inayopanda kwenye mgrivea, mdalasini, karafuu kama wanavyofanya Matombo na Mkuyuni kule Uluguru. Na hivyo vinachukua miaka kuanza kulipa, kwa hiyo andiko linabidi liseme huyo mzee atakula nini miaka hiyo ya kati. Maharage, magimbi, ndizi katikati ya mistari, chochote, lakini kiandikwe.

Onyo kuhusu miche: msijaze kitalu kwa mti wowote unaoota haraka. Mti wa kigeni uitwao Maesopsis ulipandwa Amani zamani na sasa umeuvamia msitu wa asili wenyewe. Andiko linaloomba miche ya mti vamizi pembeni ya hifadhi likifika kwa mtu anayejua misitu linawekwa pembeni.

Kikundi kiwe kimeshaanza kabla ya hela

Usajili wa kikundi unapita kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mpaka halmashauri, mnahitaji katiba, orodha ya wanachama wenye sahihi, muhtasari wa mkutano mliokubaliana kuanzisha, na barua ya mtendaji wa kijiji. Akaunti ya benki iwe na watia sahihi watatu na mmoja wao awe mwanamke asiye ndugu wa mwenyekiti. Nasema hivi kwa sababu nimeona mume akiwa mwenyekiti na mke mhazini, na wakagombana nyumbani, mradi ukalala.

Ila karatasi hazitoshi. Kinachowatofautisha watu ni VICOBA. Kama mna sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, mnakutana kila wiki, mnanunua hisa, mnakopeshana na vitabu vipo, basi mna ushahidi kwamba hela ikipita kwenu haipotei. Pigeni picha ukurasa wa kitabu cha hisa muiambatanishe. Na faida nyingine, hata ruzuku isipokuja bado mtu ana pa kukopa 100,000 ya ada ya mtoto bila kwenda kukata gogo, na kwa kweli mara nyingi mti unaangushwa kwa dharura ya namna hiyo hiyo, mgonjwa, ada, msiba.

Msitu ni wa nani

Hili limalizeni mapema. Hifadhi ya taifa iko chini ya TANAPA. Hifadhi za mazingira asilia kama Amani (1997, ya kwanza nchini), Nilo, Uluguru, ziko chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Na kuna misitu iliyo kwenye ardhi ya kijiji, ambayo kwa Sheria ya Misitu ya 2002 kijiji kinaweza kuitangaza kuwa hifadhi yake, kikatunga sheria ndogo, kikatoza faini na kukusanya mapato. Tofauti ni kubwa. Kwenye msitu wa serikali mnachosaini ni makubaliano ya usimamizi shirikishi, mapato yanategemea yaliyoandikwa mle, kwa hiyo msiweke kwenye bajeti hela ambayo makubaliano hayajaitaja. Kama mizinga mnataka kuitundika ndani ya hifadhi ya mazingira asilia, barua ya mhifadhi iwepo KABLA ya andiko, sio ahadi ya mdomo.

Hela zipo wapi

Kwa Tao la Mashariki wa kwanza kumjua ni Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, wenyewe wanaitwa EAMCEF, ofisi kuu iko Morogoro. Ulisajiliwa 2001 na mtaji wa dola milioni 7 ulitoka GEF (mfuko wa dunia wa mazingira) kupitia Benki ya Dunia. Elewa unavyofanya kazi maana inakusaidia kuandika: ule mtaji umewekezwa, haulwi, kinachotumika ni faida yake. Maana yake hela ya mwaka inapanda na kushuka kutegemea soko, haiwezi kumpa kila mtu, lakini haiishi kama mradi wa miaka mitatu. Uganda walitangulia kwa mtindo huu kwenye misitu ya gorila, Bwindi na Mgahinga, katikati ya miaka ya 1990, na wao waliweka mgao wazi kabisa: 60% miradi ya jamii, 20% utafiti, 20% uendeshaji wa hifadhi. Mfuko wa aina hii unapenda mradi mdogo unaoweza kuendelezwa taratibu kuliko mradi mkubwa wa kelele.

Wa pili ni Mfuko wa Misitu Tanzania, ulioanzishwa kwa ile ile Sheria ya Misitu. Wa tatu ni ruzuku ndogo za GEF zinazopitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ambazo kwa miaka mingi kiwango cha juu kilikuwa dola 50,000 kwa mradi. Hiyo ni kubwa kwa kikundi kichanga, mkiiomba bila mhasibu mtaumia kwenye taarifa. Wa nne upo mlangoni kwenu na watu hawaufikirii kama hela ya mazingira: ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni mkopo usio na riba, sio zawadi, kwa hiyo uchukueni kwa biashara inayorudisha haraka kama kuku au viungo vilivyokaushwa, msiuchukue kupanda miti ya miaka 15.

Afu kuna hela ambazo sio za kuomba, ni za kuuza huduma. Kule Kibungo Juu, Uluguru, kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF waliendesha mpango ambao watumiaji wa maji wa chini, DAWASCO (kampuni ya maji ya Dar wakati huo) na kiwanda cha soda cha Coca-Cola Kwanza, walikubali kuchangia malipo kwa wakulima wa juu. Mkulima akichimba matuta ya ngazi, akipanda miti shambani, akiacha kingo za mto, eneo linapimwa na analipwa kulingana na ukubwa na aina ya kazi. Wazo zuri sana, ila mkienda njia hii hakikisheni kuna mkataba wa mnunuzi wa miaka mingi na sio mfadhili anayelipa kwa niaba yake, maana mfadhili akifunga ofisi na malipo yanafungwa. Pa kuanzia ni jumuiya ya watumia maji na bodi ya bonde lenu.

Kilosa nako kuanzia 2012 vijiji kadhaa viliingia mpango wa mkaa endelevu. Kijiji kinafanya mpango wa matumizi bora ya ardhi, kipande kidogo cha miombo (msitu wa ukanda mkavu wa chini) kinatengwa, kinagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, unakata kimoja unaruka kingine kama ubao wa drafti, visiki vinaachwa vichipue, na kitalu hakirudiwi mpaka miaka 24. Ushuru wa mkaa unaingia kijijini na umejenga madarasa na zahanati. Angalizo: hiyo ni miombo ya chini, inachipua vizuri. Msipeleke mtindo huo kwenye msitu wa mvua wa kilele.

Kaboni? Ipo na inalipa, vijiji vya wilaya ya Tanganyika, Katavi, vinavyolinda misitu ya milima ya Ntakata vimepata hela nzuri, na Kasigau kule Taita Taveta wamekuwa sokoni tangu 2011. Lakini kuna kanuni za biashara ya kaboni za 2022 na kuna Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro. Akija mtu na koti na laptop anataka kijiji kisaini karatasi ya miaka 30 leo leo, mwambieni apitie huko kwanza, afu arudi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, sio kwa mwenyekiti peke yake gesti.

Piga hesabu ya shughuli kabla hujaipenda

Turudi kwa nyuki maana najua mtaomba tu. Tuseme mizinga 30 ya masanduku, wanachama 25. Mwaka wa kwanza usihesabu yote itaingia nyuki, weka nusu, 15. Tuseme kila mmoja umetoa kilo 8, hiyo kilo 120. Ukiuza jumla kwa 8,000 kila kilo ni 960,000. Gawa kwa 25, kila mtu 38,400. Kwa mwaka! Bei za kwenu zitakuwa tofauti, weka za kwenu, lakini jibu litakuwa jirani na hapo. Mchoma mkaa haachi mkaa kwa 38,400 na hata wewe usingeacha.

Hiyo haimaanishi nyuki ni mbaya. Inamaanisha moja kati ya mambo mawili: ama mradi uwe wa watu wachache, wale sita wanaochoma mkaa kweli, mizinga mitano kila mmoja na makubaliano yaliyosainiwa, ama asali iwe nyongeza juu ya kitu kingine. Na kwenye bajeti msisahau vinavyosahaulika kila siku: mavazi ya kuvunia, bomba la moshi, ndoo safi zenye mfuniko, chujio, chupa, lebo. Nta msitupe. Mkitaka kuingia supamaketi mtahitaji alama ya ubora ya TBS (shirika la viwango), na mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO (shirika la viwanda vidogo) kupata barua ya utambulisho.

Vipepeo vya Amani ni mfano mwingine wa kujifunza vizuri. Kazi yenyewe ni nzuri kwa msitu kwa sababu kipepeo jike anakamatwa porini, anawekwa kwenye banda la wavu lenye mmea wake anaotagia, viwavi wanalishwa majani ya mmea huo, kwa hiyo mfugaji ana sababu ya kuotesha miti ya asili na kutaka msitu uwepo. Wakishajifunga kuwa pupa wanapangwa kwenye maboksi na kusafirishwa haraka kwenda kwenye mabanda ya maonyesho Ulaya na Marekani, maana wakichelewa wanatoka njiani. Wanawake wengi walipata kipato humo. Halafu 2016 serikali ikasitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na soko likakatika. Hakuna aliyekosea kufuga, kilichokosekana ni mlango wa pili. Kwa hiyo kwenye andiko wekeni kipengele cha hatari na mseme: soko hili likifungwa tutauza wapi au tutageukia nini. Wakaguzi wanakisoma hicho kabla ya vingine.

Kuandika lenyewe

Andika Kiswahili kama mfuko unaruhusu, uandike kama unavyoongea na mtendaji. Ukurasa wa kwanza uwe na kijiji, msitu, tatizo kwa namba zenu wenyewe (njia ngapi, mizigo mingapi ya kuni kwa wiki mliyohesabu), nani hasa atafaidika na kwa nini ni yeye. Lengo moja. Sio "kuhifadhi mazingira na kuondoa umaskini na kuwezesha jinsia na vijana na TEHAMA".

Kipimo kiwe kitu ambacho kamati yenu inaweza kukihesabu bila mtaalamu: visiki vipya kwenye njia tatu zilizochaguliwa, kila mwezi, siku ile ile. Mnapaka visiki vya zamani rangi siku ya kwanza ili vipya vijulikane. Kopo moja la rangi. Nimeona mpango huo ukimfurahisha mkaguzi kuliko jedwali lote la kurasa nne.

Bajeti: semina ikizidi robo ya hela yote mmeshajiharibia. Weka nguvu za wanakijiji kama mchango wenu, kubeba udongo, kuchimba, eneo la kitalu, kwa thamani ya kweli. Posho za vikao msizifiche kwenye "usafiri", semeni ni posho na ziwe ndogo. Na acheni kitu kidogo kwa ajili ya doria, buti, makoti ya mvua, tochi, maana mnawaomba watu watembee msituni wenye ruba na baridi kwa kujitolea afu mnashangaa wanaacha mwezi wa tatu.

Kabla hamjatuma msomeni andiko lote kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji, na kiasi cha hela kitajwe hadharani. Wenyeviti wengine hawapendi hili. Lakini kijiji kikijua ni 12,000,000 na ni za nini, hakuna wa kuzusha kwamba mlipewa milioni 50.

Hela ikishaingia

Inakuja kwa awamu, ya pili haitoki bila taarifa ya ya kwanza, na hapo ndo vikundi vingi vinakwama, sio kwenye wizi bali kwenye risiti. Nunueni penye mashine ya EFD (ile ya risiti za kodi) inapowezekana; fundi wa kijijini asiye nayo asaini hati ya malipo yenye jina, kazi, kiasi na dole gumba kama hajui kuandika. Ile karatasi ya EFD inafutika maandishi ikikaa kwenye joto, kwa hiyo toeni kopi siku hiyo hiyo mkiwa bado mjini, bandika na risiti yenyewe, kopi moja faili la mhazini na nyingine kwa mtendaji. Bei ikipanda na ikabidi mhamishe hela kutoka mizinga kwenda miche, andikeni barua kuomba kwanza, hata fupi, subirini jibu, ndo mnunue.

Mkikosa kabisa awamu hii, ombeni maoni ya wakaguzi, mifuko mingi inatoa mkiulizia kwa heshima, na muendelee kuhesabu visiki kila mwezi. Dirisha likifunguliwa tena mtakuwa na takwimu za mwaka mzima ambazo hakuna kikundi jirani kinazo.